Maswali na Majibu: Metali Zinazong'aa Ndani ya Seli za Saratani

Nimesoma kwamba wanakemia wanaunda dawa za saratani zinazotoa mwanga. Je, zile za kawaida hazitoi? (Msomaji, Dodoma)

Sisplatini, dawa ya platini iliyoruhusiwa nchini Marekani mwaka 1978, haitoi mwanga unaoweza kufuatiliwa kwa hadubini. Kampaundi nyingi za metali za rutheni na iridi ni tofauti. Atomu ya metali huzungukwa na molekuli ziitwazo ligandi, na ikimulikwa, tuseme kwa mwanga wa buluu, elektroni hupanda ngazi ya nishati, kisha hushuka ikitoa mwanga, mara nyingi wa rangi ya chungwa au nyekundu. Kushuka huko hukawia kwa mamia ya nanosekunde hadi mikrosekunde kadhaa, ilhali mng'ao wa asili wa seli huzimika ndani ya nanosekunde chache. Kwa hiyo chombo husubiri kidogo, mng'ao wa seli upite, ndipo kikapiga picha.

Inasemekana kampaundi hiyo hiyo huonyesha seli na pia kuiua. Hayo hayapingani? (Msomaji, Nairobi)

Yanapingana, na jambo hilo husemwa kwa nadra mno. Anayechunguza seli hai anahitaji rangi isiyoisumbua, ilhali mtafiti wa tiba anataka kinyume chake. Isitoshe, nishati inayogombaniwa ni ileile: ama itoke kama mwanga, ama ipewe oksijeni iliyo karibu, ambayo hapo hugeuka kuwa kali na kuharibu mafuta na protini za seli. Oksijeni hiyo haidumu wala haifiki mbali. Husafiri chini ya mikromita moja, na hivyo mahali ilipo kampaundi ndipo panapoumia. Kampaundi nyingi za aina hii zina chaji chanya na hupenda mafuta, na kwa sababu hiyo huvutwa na mitokondria, yaani sehemu za seli zinazozalisha nishati, ambazo ndani yake kuna chaji hasi. Kwa kubadili ligandi, mwanakemia anaweza kuzielekeza kwingine.

Mfano ninaoupenda ni wa mwaka 1990, pale wanakemia Jacqueline Barton, Jean-Pierre Sauvage na wenzao walipoeleza kampaundi ya rutheni ambayo ndani ya maji haing'ai kwa kiasi cha kuonekana, lakini ikijipenyeza kati ya ngazi za DNA huwaka. Mwaka 2009 watafiti wa Sheffield, Uingereza, walitumia kampaundi ya jamaa hiyo, yenye atomu mbili za rutheni, kuonyesha DNA ndani ya seli zilizo hai. Hapo pana mtego. Ikiwa kampaundi huzimwa na maji, giza katika picha halithibitishi kwamba haipo; na ikiwa inang'aa kwenye mitokondria, hilo halithibitishi kwamba mitokondria ndiyo iliyoiua seli. Ripoti kadhaa huweka picha nzuri mahali pa ushahidi wa namna dawa inavyofanya kazi, na kwa maoni yangu msomaji anapaswa kuzidai hatua zilizobaki.

Metali hizi si sumu? (Msomaji, Mombasa)

Zinaweza kuwa. Hata sisplatini hudhuru figo. Kwa kampaundi zinazoamshwa na mwanga, kinachopimwa ni tofauti kati ya kipimo kinachoua seli gizani na kile kinachoziua zikimulikwa. Tofauti ikiwa ndogo, mwanga hauna faida.

Kuna hospitali inayozitumia? (Msomaji, Kampala)

Dawa ya rutheni iliyofika mbali ni TLD-1433, iliyotokana na kazi ya mwanakemia Sherri McFarland. Majaribio kwa wagonjwa wa saratani ya kibofu cha mkojo ambayo haijaingia kwenye misuli yalianza nchini Kanada mwaka 2017. Dawa huingizwa kibofuni kwa mrija, kibofu huoshwa, kisha mwanga wa kijani huwashwa ndani yake. Mwanga wa kijani haupenyi sana, na kwa uvimbe wa ndani ya mwili huo ungekuwa udhaifu. Hapa ni faida, kwa kuwa misuli iliyo chini hubaki salama. Upande wa paladi, metali nyingine, dawa ya padeliporfini inayoamshwa na mwanga iliidhinishwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2017 kwa saratani ya tezi dume ya hatari ndogo.

Huku kwetu kichocho ni kingi, nacho huleta saratani ya kibofu. Tiba hiyo itatufaa? (Msomaji, Mwanza)

Nisingeitegemea. Kichocho cha mkojo huhusishwa zaidi na saratani ya seli bapa, aina isiyo ile iliyolengwa na majaribio ya Kanada, na mara nyingi hugunduliwa ikiwa imekwisha kuingia kwenye misuli, mahali ambapo mwanga wa kijani haufiki. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, ikitolewa mapema ina kazi kubwa zaidi kwenu, na mwenye damu kwenye mkojo asikawie kwenda hospitali.