Mdogo wangu unayejifunza besi hapa Mtwara, slapu iache kwanza

Vijana wengi wanaojifunza gitaa la besi hapa kwetu, wa kwaya na wa bendi, wakinipata wanasema kaka nifundishe slapu. Wameiona kwenye simu, dole gumba linagonga, kidole kinavuta uzi, watu wanashangilia. Slapu ni tamu, sikatai. Ila mi kwanza nawaambia ilikotoka, manake kila mtindo wa besi ulizaliwa kwa sababu kulikuwa na shida kazini na mtu akatafuta njia, ukiijua ile shida ndo unajua na mahali pa kuutumia.

Larry Graham alikuwa anapiga na mama yake huko California, mama yuko kwenye piano, yeye kwenye kinanda na gitaa, kinanda kikaharibika akakodi gitaa la besi ili kazi isilale. Halafu wakabaki wawili tu, mpiga drama hakuna. Sa watu watachezaje? Akaanza kugonga nyuzi nene kwa dole gumba zikawa ndo kiki, ile ngoma kubwa ya kukanyaga, akavuta nyembamba zikawa ndo snea, ile ndogo ya kulia ta, na mwisho wa miaka ya 60 akiwa na bendi ya Sly and the Family Stone dunia nzima ikaisikia. Haya, wewe uko kanisani, mpiga drama yupo tena ana nguvu kweli kweli, ukimwekea slapu juu ya kiki yake mnagombania sehemu moja na waimbaji hawajui wamfuate nani.

Gitaa lenyewe lilitokana na shida pia. Zamani besi ilikuwa lile dude kubwa la mbao la kusimama nalo, zito kubeba, na bendi ikikolea halisikiki. Paul Tutmarc wa Seattle alishatengeneza la umeme miaka ya 1930 lakini halikuenea, mpaka mwaka 1951 Leo Fender alipotoa gitaa la besi linaloitwa Precision, dogo, lina freti, vile vyuma vya kukata shingo ya gitaa, unabonyeza na noti inatoka palepale sawasawa. Monk Montgomery akalipiga kwenye bendi ya Lionel Hampton, wengine wakafuata.

Sasa mtu wa kuanza naye, kwangu mimi, ni James Jamerson. Huyu ndo mpiga besi wa Motown, kampuni ya santuri pale Detroit, Marekani, nyimbo nyingi sana za miaka ya 60 zilizovuma dunia nzima ni yeye, na jina lake halikuandikwa kwenye santuri mpaka mwaka 1971. Inaniuma mpaka leo. Alianzia kwenye lile besi kubwa la mbao, kwa hiyo hata la umeme alilipiga kwa kidole kimoja tu cha shahada, chini ya kifuniko cha briji, pale nyuzi zinapokaa mwilini mwa gitaa, kuna sponji linakaba nyuzi, na nyuzi zenyewe ni zile bapa, za uso laini, nene, habadilishi mpaka ikatike. Tafuta What's Going On ya Marvin Gaye, hiyohiyo ya 1971, sikiliza kwa earphone manake spika ya simu haina besi kabisa, halafu kabla hujashika gitaa imba ile besi kwa mdomo. Ukishindwa kuiimba, vidole navyo vitababaisha tu.

Na hilo sponji jaribu leo, halina gharama. Kata kipande cha sponji la godoro, chembamba, upana uzifikie nyuzi zote, kipenyeze chini ya nyuzi karibu na briji. Ile duuuu inakuwa du, fupi na nzito. Kwenye makanisa yetu ya bati ambako besi inazunguka ukutani mpaka maneno ya wimbo yanapotea, utaona hata mchungaji anageuka kuangalia. Ila la kuacha nyuzi zizeeke usimuige, mi nakaa Shangani, upepo wa bahari unakula nyuzi hizi za kawaida za mikunjo, siyo zile bapa, haraka sana, zikishika kutu zinachana vidole na kusaga freti. Futa kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, basi.

Wapo wanaotaka kung'oa freti kwa ajili ya Jaco Pastorius, mpiga besi aliyevuma kwa gitaa lisilo na freti. Albamu yake ya 1976 sikilizeni kwa heshima zote, na Bakithi Kumalo wa Soweto kwenye Graceland ya Paul Simon, 1986, lile gitaa lisilo na freti linaongea kama mtu. Lakini bila freti sikio lako ndo freti, na kwaya ikipanda sauti katikati ya wimbo huna pa kushika, ngoja kwanza.

Msiruke nyumbani pia. Suleiman Mwanyiro, mpiga besi wa bendi ya Mlimani Park, msikilizeni vizuri, kwenye dansi letu besi haimfuati mtu nyuma nyuma, ina wimbo wake, inaongea halafu inanyamaza gitaa la solo lijibu. Aliyekulia kwenye ngoma za Kimakonde anaipata upesi, sikio limeshazoea kila ngoma kuwa na kauli yake na zote kukutana. Aston Barrett wa the Wailers, bendi ya rege ya Bob Marley, naye hivyo hivyo, anaacha nafasi mpaka unaisikia ile nafasi yenyewe.

Kuhusu nyuzi tano au sita, ni kweli mpiga besi Anthony Jackson alitengenezewa la sita mwaka 1975 kwa sababu alitaka noti za chini na za juu zaidi, wewe kwa harusi za msimu wa korosho nne zinakutosha. Hela inayobaki nunua seti moja ya nyuzi za akiba uweke kwenye begi, uzi ukikatika Jumamosi jioni hapa Mtwara utaagiza Kariakoo na basi litafika harusi imeshaisha.