Maswali Yenu Kuhusu Vyombo vya Muziki: Valvu au Dijitali kwa Mpiga Solo?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mpiga gitaa la solo, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Jumapili napigia kwaya kanisani, na siku za Jumamosi bendi yetu hualikwa kwenye harusi, mara nyingine hadi Kondoa na Mpwapwa. Gitaa ninalo, lakini amplifaya naazima, na nimechoka kuazima. Nimeweka akiba ya kununua yangu, ila wenzangu wamenichanganya. Mpiga besi wetu anasema pasipo valvu hakuna sauti ya gitaa. Fundi mitambo wetu anasema valvu ni mzigo tu, na kwamba dijitali za siku hizi zinaiga kila kitu. Nimsikilize nani?
Mpiga solo, Nkuhungu

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Kwa kazi uliyoieleza, nunua amplifaya ya dijitali, tena iliyo na spika yake ya inchi 12 na tundu la kupeleka sauti moja kwa moja kwenye mikisa, yaani mtambo wa kuchanganyia sauti. Nimelitanguliza jibu ili usisome ukiwa na wasiwasi wa akiba yako. Hata hivyo mpiga besi wenu hakusema uongo, na ningependa uelewe alichokisema kabla hujatoa fedha, kwa sababu mtu anayenunua chombo bila kujua ni kitu gani anakiacha hakawii kurudi dukani.

Valvu ni kichupa cha kioo kilichoondolewa hewa. Ndani yake kuna kipande cha chuma kinachopashwa moto, na kikishapata moto, umeme huruka kutoka hapo kwenda kwenye bamba lililokizunguka. Kati ya viwili hivyo kuna wavu mwembamba wa waya, ambao Mmarekani Lee de Forest aliuweka kwa mara ya kwanza mwaka 1906. Umeme dhaifu unaotoka kwenye gitaa lako hupelekwa kwenye wavu huo na kuutawala umeme mkubwa unaopita, kama vile mkono wa mtoto unavyoweza kufungua na kufunga bomba la maji yenye nguvu nyingi. Redio za mbao walizokuwa nazo babu zetu, zile zilizowashwa kisha watu wakasubiri kidogo ndipo taarifa ya habari isikike, zilifanya kazi kwa njia hiyo hiyo.

Utamu wake hutokea pale valvu inapozidiwa. Ukiupiga uzi kwa nguvu kupita uwezo wake, valvu haiikati sauti ghafla, bali huibana kidogo kidogo, na sauti hunenepa kabla ya kuanza kukwaruza. Ukilegeza kidole, hurudi safi papo hapo bila wewe kugusa kitufe chochote. Transista ya kawaida, yaani kile kifaa kidogo kigumu kilichochukua nafasi ya valvu kwenye redio, ikizidiwa hukata vilele vya wimbi la sauti kwa mara moja, na sikio husikia mkwaruzo mkavu. Kwa hiyo mpiga besi wenu anapoisifu valvu, anaeleza jambo la kweli linalotokea ndani ya chombo, wala si mapenzi ya mambo ya kale.

Dijitali huenda njia nyingine kabisa. Sauti ya gitaa hupimwa mara nyingi mno kwa sekunde, kwa mfano mara 48,000, na kila kipimo huandikwa kuwa namba. Kisha prosesa hukokotoa namba hizo zingebadilika vipi iwapo zingepita katika valvu, transfoma na spika za amplifaya fulani, halafu huzirudisha kuwa umeme wa kusukuma spika. Kampuni ya Marekani ya Line 6 ilitoa amplifaya ya namna hiyo mwaka 1996, na mwaka 1998 ikatoa kisanduku chake cha POD kilichoenea studio nyingi duniani. Zile za mwanzo zilikuwa na upungufu uliosikika wazi, hasa pale mpigaji alipotaka kuhama kutoka sauti laini kwenda sauti kali kwa vidole peke yake. Za miaka ya karibuni zimeziba sehemu kubwa ya pengo hilo. Mtu aliyekaa kwenye kiti cha ukumbini, bendi nzima ikipiga, hawezi kutofautisha. Wewe uliyeshika gitaa unaweza kuhisi tofauti ndogo vidoleni, na sitakuambia kwamba haipo.

Wapo wanaosema dijitali huchelewesha sauti. Ni kweli kwamba ukokotoaji huchukua muda, lakini katika chombo kizuri ni milisekunde chache tu. Sauti yenyewe husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kucheleweshwa kwa milisekunde 3 ni sawa na kusogea hatua moja mbali na spika yako. Jukwaani unasogea hatua hizo kila wimbo.

Sasa tuje kwenye muziki unaoupiga, kwa maana hapa ndipo ninapotofautiana na wengi wanaotoa ushauri wa amplifaya. Sifa za valvu zimesambazwa na wapiga roki na bluzi, ambao hutaka amplifaya izidiwe. Gitaa la dansi letu, na gitaa la kwaya lililozaliwa humo, hutaka kinyume chake. Msikilize marehemu Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro: kila noti inasimama peke yake, safi, na gitaa la solo linapishana na la rithimu bila kukanyagana. Wimbo ukifika kwenye chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezesha watu, sauti ikianza kukwaruza noti hizo hugandana, na wachezaji hukosa kitu cha kukishika. Unachohitaji, kijana wangu, ni amplifaya inayobaki safi hata inapopiga kwa nguvu. Kwa valvu, usafi huo hupatikana kwa kununua amplifaya kubwa, nzito na ya gharama. Kwa njia nyingine hupatikana kwa urahisi zaidi: Roland ya Japani ilitoa JC-120 mwaka 1975, amplifaya ya transista yenye spika mbili za inchi 12, na hadi leo wapigaji wanaotaka sauti safi huitafuta ingawa haina valvu hata moja.

Uzito nao si jambo dogo kwa mtu anayepanda bajaji na chombo chake. Fender Twin Reverb ya valvu, yenye wati 85, ina kilo 29 hivi. Mwaka 2019 kampuni hiyo hiyo ilitoa Twin ya dijitali katika mfululizo wake wa Tone Master, yenye umbo lile lile na uzito wa kilo 15 hivi. Wahandisi wake waliipa mtambo wa wati 200 ili iweze kuiga nguvu ya zile 85 za valvu bila kuzidiwa mahali pasipofaa. Hapo pana somo la dukani: usilinganishe wati za valvu na za dijitali kama unavyolinganisha kilo za mchele. Tena, kuongeza wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huiona ndogo.

Nikueleze kilichonipata mimi. Nilikuwa na amplifaya ya valvu niliyoipenda sana, na siku moja niliipakia nyuma ya gari la mizigo kwenda kupigia kwaya kwenye mkutano wa hadhara upande wa Kongwa. Barabara ilikuwa mbaya. Nilipowasha jioni ile, badala ya sauti nikasikia mchakacho kama mafuta yanapodondokewa na maji. Nilizima, nikazunguka nyuma nikamulika kwa simu, nikaona moja ya zile valvu mbili kubwa imeinama kwenye soketi yake kama jino linalotaka kung'oka. Nikaisubiri ipoe, nikaishika kwa kitambaa na kuisukuma taratibu hadi ikakaa sawa. Ilipiga nyimbo mbili, kisha fyuzi ikaungua, na valvu ile haikuwaka tena. Ilikuwa ya aina ya EL34, ambayo duniani ni ya kawaida kabisa, lakini pale sikupata ya akiba, wala hapa mjini, na niliipata baada ya majuma kadhaa kwa kuagiza nje. Kosa lilikuwa langu: nilisafiri bila valvu za akiba. Lakini ndiyo hali halisi. Viwanda vinavyozitengeneza duniani vimebaki vichache, vikubwa vikiwa Slovakia, Urusi na China, na valvu kubwa za mtu anayepiga kila wiki huchoka baada ya mwaka mmoja au miwili.

Umeme pia uufikirie. Kwenye harusi za nje mnatumia jenereta, na jenereta ndogo hupanda na kushuka kila mitambo inapozidi au kupungua. Valvu hupokea mabadiliko hayo moja kwa moja, ilhali dijitali nyingi zina mfumo wa umeme unaovumilia zaidi. Vyovyote utakavyonunua, nunua na stebilaiza nzuri, na usikubali mtu akate mguu wa eathi, yaani ule wa usalama unaopeleka umeme ardhini, kwenye plagi ili kuondoa mvumo. Mpigaji aliyeshika nyuzi, midomo ikagusa maiki, anaweza kupigwa na umeme na kufa. Ikiwa kuna mvumo, jaribuni kwanza kuchukua umeme wa gitaa na wa mikisa kwenye soketi moja.

Lile tundu la kwenda kwenye mikisa nimelitaja kwa sababu litakuondolea ugomvi mwingi na fundi mitambo wenu. Kanisani amplifaya ya valvu hutaka ifunguliwe sana ndipo ipendeze, na wazee wa mbele huziba masikio. Dijitali hutoa sauti yake nzuri hata ikiwa chini, nyingine ikapelekwa kwa waya. Ila hakikisha uigaji wa kasha la spika umewashwa kwenye waya huo, maana bila hiyo gitaa litalia kama nyuki ndani ya debe.

Nakiri upande wa pili. Amplifaya ya valvu ya mwaka 1965 inatengenezeka leo, kwa sababu fundi redio mwenye mchoro na mkono mtulivu anaweza kubadilisha kifaa kimoja kimoja. Dijitali ikiungua bodi yake kuu, kwa kawaida hubadilishwa bodi nzima, na baada ya miaka mingi bodi hiyo huenda isitengenezwe tena. Kama ungekuwa unapiga mahali pamoja, penye umeme mzuri, na unapenda sauti inayokwaruza kwa vidole, ningekuambia ununue valvu ndogo ya wati 15 au 20 na seti moja ya akiba. Maisha yako ya muziki kwa sasa yako barabarani.

Nenda Kariakoo na gitaa lako mwenyewe, usitumie la dukani. Weka sauti safi, ongeza hadi ifikie kiwango cha ukumbi, kisha piga chemko lenu la wimbo mmoja unaoujua vizuri. Noti zikibaki zimeachana, umepata.

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Kaka yangu aliyeko Marekani anataka kunitumia amplifaya yake ya valvu iliyotumika. Je, itafaa kwa umeme wetu?
Msomaji, Mpwapwa

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Mwombe kwanza akupigie picha ya kibandiko cha nyuma. Umeme wa Marekani ni volti 120 na hezi 60, wetu ni volti 230 na hezi 50. Ukiichomeka hivi hivi itaungua. Utahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo mkubwa kuliko wati za matumizi zilizoandikwa kwenye kibandiko, ambazo ni nyingi kuliko wati za sauti. Angalia pia kama imeandikwa 50/60: ikiwa imeandikwa 60 peke yake, transfoma yake ya ndani itapata joto zaidi huku kwetu, hata volti zikiwa sahihi, nami nisingeipokea kabla fundi hajaikagua.

Na tafadhali usiifungue mwenyewe. Ndani yake kuna volti 300 hadi 500, na kapasita, yaani vifaa vinavyohifadhi umeme, hubaki na umeme huo hata baada ya kuchomoa plagi. Fundi mmoja mzee wa hapa mjini, kabla ya kugusa chochote, huumaliza umeme huo kwa waya wenye rezista, akapima kwa mita, kisha akafanya kazi kwa mkono mmoja huku mwingine akiuweka mgongoni. Huyo mpelekee.

SWALI: Mwanangu wa kidato cha tatu amenunuliwa na mjomba wake amplifaya ndogo ya dijitali yenye sauti nyingi mno. Kila jioni anabadilisha sauti tu, kupiga hapigi. Pia vumbi la huku linanitia hofu. Nifanyeje?
Mama, Bahi

JIBU: Mama, usimnyang'anye. Mwambie achague sauti moja safi, aweke mwangwi kidogo, na asiibadilishe hadi amalize kujifunza wimbo mmoja wote. Kwenye amplifaya nyingi za namna hiyo sauti hiyo huhifadhiwa kwenye kitufe kimoja, akiwasha anaikuta. Ikiwa ina tundu la spika za masikioni, atapiga hata usiku bila kuwaamsha wadogo zake.

Kuhusu vumbi, ifunikeni kwa kanga nzito kila anapomaliza, lakini iwe imezimwa na kupoa. Vitufe vikianza kuchakacha vinapozungushwa, vumbi limeshaingia. Fundi huvisafisha kwa dawa maalumu ya vifaa vya umeme, na ni kazi ya dakika chache. Msipake mafuta ya kula wala ya cherehani, kwa maana hayo hushika vumbi jipya.