Maswali na Majibu: Vitabu na Mihadhara ya Kumkuza Mshauri wa Kazi

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Muheza. Mwaka huu mkuu wa shule amenikabidhi ofisi ya ushauri na unasihi, na kazi iliyo mbele yangu ni kuwasaidia wanafunzi wa kidato cha nne kuchagua tahasusi, yaani michepuo ya masomo ya kidato cha tano, na vyuo wanapojaza Selform, fomu ya machaguo hayo. Chuoni nilisomea Jiografia na Kiswahili; unasihi tuliupitia kwa haraka. Kila ninapotafuta vitabu vya washauri wa kazi ninakutana na orodha ndefu za Marekani na Uingereza, nami sijui ni kipi kitamfaa mtoto wa mkulima wa machungwa. Naomba uniambie nianze na vitabu vipi na mihadhara ipi, ukikumbuka kwamba bando najinunulia mwenyewe.
*Mwalimu wa unasihi, Muheza*

Jibu: Marahaba, Mwalimu mwenzangu. Umefanya vyema kumtaja huyo mtoto wa mkulima wa machungwa, kwa sababu kitabu cha mshauri hupimwa kwake: je, kitakusaidia umsikilize vizuri zaidi, na je, kitakusaidia umwambie jambo la kweli kuhusu kazi zilizopo? Nitakutajia vichache, na nitaeleza kila kimoja kinafaa wapi na kinakomea wapi.

Anza na kilicho kikongwe kuliko vyote, “Choosing a Vocation” cha Frank Parsons. Parsons alikuwa Mmarekani aliyepitia uhandisi, ualimu na uanasheria kabla ya kufungua mjini Boston, mwaka 1908, ofisi ya kuwashauri vijana kuhusu kazi. Alifariki mwaka huohuo na kitabu chake kikatoka mwaka 1909. Hoja yake inashikika kwa urahisi: kijana anahitaji kujifahamu, yaani uwezo wake, mapenzi yake na mipaka yake, anahitaji kuzifahamu kazi, pamoja na masharti, malipo na nafasi zake, kisha anahitaji kufikiri sawasawa ili ayaoanishe mambo hayo mawili. Haki miliki ya kitabu hiki imekwisha muda wake, kwa hiyo unaweza kukipakua bure na kukisoma kwenye simu. Pale anapozungumzia kumtambua mtu kwa umbo la kichwa, pita; hayo ni mawazo ya enzi zake, na sayansi imekwisha kuyakataa.

Katika mambo hayo matatu, la pili ndilo ninaloliona limelegea zaidi katika shule zetu, na hakuna kitabu cha ng’ambo kitakacholikaza. Mwanafunzi wa kidato cha nne anamjua daktari, mwalimu, mwanasheria na mhandisi. Wengi hawajui kwamba kituo cha utafiti wa kilimo cha Mlingano kimo humo humo wilayani Muheza, wala kwamba Hifadhi ya Amani inahitaji watu wanaoijua misitu na wanaoweza kuwaongoza wageni. Hawajui kazi za wakala wa forodha na mwendesha kreni wa bandari ya Tanga, wala hawajui kwamba chuo cha mifugo cha Buhuri kiko jirani na jiji. Wamesikia habari za bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, lenye urefu wa kilomita 1,443, na wengi wanataka “kazi ya bomba” bila mtu kuwaeleza kwamba kazi za kulijenga ni nyingi lakini zina mwisho, na kazi za kuliendesha ni chache na zinadai ujuzi maalumu kama uchomeleaji wa kiwango cha juu, umeme wa viwandani na usalama kazini. Kwa hiyo, pamoja na kumsoma Parsons, fungua daftari. Tembelea mahali pa kazi, zungumza na anayeifanya kazi yenyewe, na uandike sifa za kujiunga, muda wa mafunzo, gharama, na jinsi siku yake ya kazi inavyokwenda tangu asubuhi. Daftari hilo litakuwa na thamani kwa wanafunzi wako kuliko rafu nzima ya vitabu vya Boston, na ninasema hivyo nikiwa mtu anayevipenda vitabu.

Baada ya Parsons wengi hukimbilia kwa John Holland, mwanasaikolojia wa Marekani, ambaye kuanzia mwaka 1959 alieleza kwamba watu na mazingira ya kazi huweza kupangwa katika aina sita: kazi za mikono na vyombo, uchunguzi, sanaa, kuhudumia watu, kuongoza na kufanya biashara, na kazi za utaratibu na kumbukumbu. Ni mpangilio mzuri wa kuanzisha mazungumzo. Idara ya Kazi ya Marekani inatoa bure dodoso lililojengwa juu yake, liitwalo O*NET Interest Profiler. Litumie kwa tahadhari: orodha ya kazi inayofuata majibu ni ya soko la Marekani, na dodoso lenyewe linamuuliza mtoto kama angependa shughuli ambazo huenda hajapata kuziona kwa macho yake. Akijibu “sipendi”, huenda maana yake ni “siijui”.

Kitabu ambacho ningekuhimiza ukitafute kwa bidii zaidi ni “Luck Is No Accident” cha John Krumboltz na Al Levin, kilichotoka mwaka 2004. Krumboltz, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Stanford, alikuwa akieleza kwamba yeye mwenyewe aliingia katika saikolojia kwa sababu, siku za mwisho za kuchagua somo kuu zilipomkuta chuoni hajaamua, alikwenda kumwomba ushauri kocha wake wa tenisi, na kocha huyo alikuwa pia mwalimu wa saikolojia. Kutokana na visa vya namna hiyo yeye na wenzake walijenga hoja kwamba maisha ya kazi ya watu wengi huelekezwa na matukio yasiyopangwa, na kwamba wajibu wa mshauri ni kumwandaa kijana ayatambue matukio hayo na ayatumie. Wanataja tabia tano za kukuza: udadisi, kutokata tamaa, kuwa tayari kubadilika, kutarajia mema, na kuthubutu hata pasipo uhakika wa matokeo.

Ninakipa uzito kitabu hiki kwa sababu kinaendana na hali ya vijana wetu. Parsons anafaa mahali ambapo nafasi zipo na kazi ni kuchagua. Kijana wa Muheza anaweza kuchagua vizuri kabisa na bado asipate alichochagua: alama zikapungua, akapangiwa tahasusi nyingine, mkopo ukakosekana, au mzazi akaugua na ada ikaenda hospitali. Mshauri aliyemjengea njia moja tu anamwacha njia panda. Mshauri aliyemsoma Krumboltz atamuuliza tangu mwanzo: “Mlango huu ukifungwa, uko tayari kujaribu upi? Ni nani unayemfahamu anayefanya kazi unayoitamani, na likizo hii utakwenda kumwona lini?” Ila jihadhari kijana asichukue hoja hii kama ruhusa ya kukaa akisubiri bahati. Waandishi wanasisitiza kutenda, na jina la kitabu linasema kwamba bahati si ajali.

Mwenza wa kitabu hicho ni “Designing Your Life” cha Bill Burnett na Dave Evans, cha mwaka 2016. Zoezi lake la kuandika maisha matatu tofauti ya miaka mitano ijayo linafanyika kwa penseli na karatasi, nawe unaweza kulifanya darasani kesho. Kama bando halikuruhusu kukitafuta kitabu, Burnett ana mhadhara mfupi katika TED, jukwaa la mihadhara ya video mtandaoni, unaobeba kiini chake. “What Color Is Your Parachute?” cha Richard Bolles, kilichoanza mwaka 1970 na kutolewa upya mara nyingi tangu hapo, ni kizuri kwa mtu mzima aliyepoteza kazi na anayetafuta nyingine, kwa kidato cha nne kinaweza kusubiri.

Kuna andiko la nyumbani ambalo nasikitika kuliona halimo katika orodha za washauri wa kazi: “Elimu ya Kujitegemea” la Mwalimu Julius Nyerere, la mwaka 1967. Nyerere alilalamikia shule ya msingi iliyokuwa ikiwaandaa watoto wote kwa ajili ya sekondari wakati wachache tu ndio waliokwenda, na akataka kila ngazi ya elimu iwe na ukamilifu wake. Lisome ukiwakumbuka wale wanaomaliza kidato cha nne bila kuendelea na cha tano. Ofisi yako ni ya hao pia, na kwao anwani ya VETA, yaani mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina uzito sawa na orodha ya tahasusi.

Swali: Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mshauri wa wanafunzi katika chuo kimoja hapa jijini Tanga. Kuhusu mbinu sina shida kubwa, ninachoka moyo. Wahitimu wetu wanarudi baada ya mwaka, hawajapata ajira, wanakaa mbele yangu na kunyamaza. Ninaporudi nyumbani ninakuwa nao kichwani. Je, kuna cha kusoma kwa ajili yangu mimi mwenyewe?
*Mshauri, Tanga mjini*

Jibu: Nzuri, ndugu yangu, na pole kwa mzigo huo. Chukua vitabu viwili, uvisome polepole.

Cha kwanza ni “Man’s Search for Meaning” cha Viktor Frankl, daktari wa akili wa Vienna aliyenusurika katika kambi za Wanazi, ikiwamo Auschwitz. Wengi hukisoma kwa ajili ya sehemu ya kambi, nayo inastahili. Wewe usiipite sehemu ya pili, anapoeleza kuhusu vijana wasio na ajira aliowahudumia kabla ya vita. Aliona kwamba walikuwa wakichukulia kukosa kazi kuwa ni kukosa manufaa, na kukosa manufaa kuwa ni kuishi bila maana. Alipowashawishi wajitolee katika vikundi vya vijana, elimu ya watu wazima na maktaba, unyong’onyevu wao uliondoka ingawa mfuko ulibaki mtupu kama ulivyokuwa. Hakusema kwamba njaa haina maana. Alisema mtu haishi kwa msaada wa kujikimu peke yake. Mhitimu aliyenyamaza mbele yako hahitaji kuambiwa “ajira zitakuja”. Huenda anahitaji mahali pa kwenda Jumatatu asubuhi, na hilo unaweza kumtafutia hata pale ambapo huwezi kumtafutia mshahara.

Cha pili ni “On Becoming a Person” cha Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, cha mwaka 1961. Rogers anashikilia kwamba kinachomsaidia mtu ni uhusiano wenyewe: mshauri awe mkweli, amthamini mtu bila masharti, na ajitahidi kuyaona mambo kama huyo mtu anavyoyaona. Ukimkubali Rogers, ukimya wa yule kijana hautakutisha tena, kwa sababu hutajiona kuwa umeshindwa kila unapokosa jibu.

Nawe ni mtu wa Tanga, basi soma pia “Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini” cha Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909. Mtu tunayemjua kama mshairi alikula jasho lake katika ofisi za serikali ya kikoloni, akianzia ukarani wa forodha, huku akiandika. Tunapowaambia vijana kwamba kipaji na ajira lazima viwe kitu kimoja, tunausahau mfano huu ulio mlangoni petu. Wakati huohuo tafuta mshauri mwenzako mmoja hapa mjini, mkutane kila mwezi mzungumze juu ya kazi pasipo kutaja majina ya wanafunzi. Vitabu havitachukua nafasi ya mtu wa kukusikiliza.

Swali: Shikamoo. Tuna mkutano wa wazazi, na mkuu wa shule anataka tuwaonyeshe mhadhara mmoja wa video kuhusu kazi na vipaji. Uwe upi?
*Mwalimu, Pangani*

Jibu: Marahaba. Kwa walimu wenzako, kabla ya mkutano, onyesha mhadhara wa Chimamanda Ngozi Adichie, mwandishi wa Nigeria, wa mwaka 2009 kuhusu hatari ya hadithi moja. Anasimulia jinsi alivyomjua Fide, mtumishi wa nyumbani kwao, kwa jambo moja tu, umaskini, hadi alipokwenda kijijini kwao na kuona kikapu kizuri kilichosukwa na ndugu yake. Mwalimu anayeona “mtoto wa mvuvi” na kumalizia hapo anahitaji kuusikia kuliko mzazi yeyote.

Kwa wazazi ninauelekea ule wa Ken Robinson, mtaalamu wa elimu wa Uingereza, wa mwaka 2006 kuhusu shule kuua ubunifu, lakini usiwaonyeshe. Ni wa Kiingereza, unakwenda kasi, na utani wake ni wa Kiingereza. Usimulie wewe kwa Kiswahili kile kisa cha Gillian Lynne: mtoto asiyetulia darasani, mama akampeleka kwa daktari, daktari akawasha redio na kumtoa mama nje, nao wakamwona mtoto ameinuka anacheza. Daktari akamwambia mama ampeleke shule ya dansi, na baadaye mtoto huyo akawa mtunzi mashuhuri wa miondoko ya jukwaani. Tumia dakika tano kwa hilo. Muda uliobaki mpe fundi boti, muuguzi wa zahanati na mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi, kila mmoja aeleze alisoma nini, alianguka wapi na alianza na shilingi ngapi. Wazazi watawauliza hao maswali ambayo hawangethubutu kuuliza skrini, na mwandikie kila mmoja barua ya mwaliko mapema, yenye muhuri wa shule.