Jibu: Kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha kwa malipo, ni kazi au ni wizi?

Habari ndugu. Nikikuelewa, umemaliza chuo, ajira hakuna, unawaandikia wanafunzi wa Uingereza insha kwa malipo, na moyo unakusuta ingawa unajiambia "simwibii mtu".

Niliifanya kazi hiyo miaka miwili hapa Nairobi, kwa hiyo sikuhukumu. Angalia kwanza ni kozi gani unayoiandikia. Nilianza na insha za historia, na usingizi ulikuja kama kawaida. Kisha ikaja kazi ya uuguzi: kukokotoa dozi za dawa za watoto kwa uzito wa mwili. Nikapata alama nzuri. Au tuseme yeye ndiye aliyepata. Usiku ule nikawa nawaza ni nani atakayeishika ile sindano, na mtoto wa nani atadungwa. Hapo hiyo "simwibii mtu" ikanishinda kuitamka.

Jambo jingine: tangu 2022 sheria ya England inakataza kuuza au kutangaza huduma hii, na inamlenga muuzaji, si mwanafunzi. Yeye ana chuo chake cha kumwadhibu. Wewe ndiye unayetajwa na sheria.

Mimi nilihamia kuhariri lugha na kunakili mahojiano yaliyorekodiwa. Kipato kilishuka karibu nusu, sitakudanganya. Tena sikuwa na mtoto wa kumlipia karo wakati ule. Ningekuwa naye, sina hakika ningeacha mapema hivyo.