Mwanafunzi wa Mifugo, Nenda kwa Fundi wa Kwato

Wiki iliyopita mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa udaktari wa mifugo aliniandikia. Amepata nafasi ya mafunzo ya nyanjani kwa fundi wa kwato za farasi, na wenzake wanamwambia anapoteza likizo bure. Heri ang'ang'anie shamba la ng'ombe wa maziwa kama wao. Jibu langu ni fupi: nenda.

Mimi nilipochagua njia hiyo, mwalimu wangu mmoja aliniuliza mbele ya darasa kama wazazi wangu wananilipia karo nikajifunze kukata kucha. Watu walicheka sana. Miaka imepita na neno lile bado linaniuma, kwa sababu lilitoka kwa mtu aliyepaswa kujua kwamba farasi au punda asiyeweza kutembea hana kazi, na mwenye mnyama huyo hana mkate.

Nilikwenda kwa fundi aliyehudumia farasi wa mashindano pale Ngong, Nairobi. Mwanzoni hakunipa kisu wala tupa. Kazi yangu ilikuwa kuinua miguu: wa mbele niubane katikati ya magoti yangu, wa nyuma niulaze juu ya paja, mgongo umeinama, jasho likinitiririkia machoni. Farasi akihisi mikono yako ina wasiwasi, anakuegemea kwa uzito wake wote. Kabla ya kugusa ukwato wowote, fundi aliagiza farasi atembezwe kwenye sakafu ngumu. "Tazama kichwa," alikuwa akisema. Mguu wa mbele ukiuma, farasi huinua kichwa pindi unapokanyaga. Nilikuwa nimelisoma hilo na kulifanyia mtihani, lakini kuliona niliona pale.

Baadaye ndipo nikafundishwa kusafisha wayo, kupunguza ukuta wa ukwato kwa koleo, kusawazisha kwa tupa, na kuutambua ule mstari mweupe unaozunguka wayo. Msumari wa kiatu lazima upite nje ya mstari huo. Ukiingia ndani umefika penye uhai, na mnyama atakwambia papo hapo.

Faida yake niliiona Lamu. Mji wa kale njia zake ni nyembamba, na punda ndiye lori: anabeba mchanga, saruji, mawe ya kujengea. Baba mmoja aliniletea punda aliyekuwa hataki kabisa kukanyaga mguu wa mbele wa kulia. Alishadungwa dawa ya maumivu na antibiotiki, na mtu alikwishamwambia bega limeteguka. Niliinua mguu, nikachokoa uchafu, nikaubana wayo kwa koleo pole pole, sehemu moja baada ya nyingine, nikitafuta penye maumivu. Karibu na ncha punda akaunyakua mguu. Palikuwa na kidoa cheusi kidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Nilikifuata kwa ncha ya kisu hadi usaha wa kijivu ukachuruzika, unanuka vibaya. Kabla sijamaliza kufunga bendeji, punda alikuwa ameukanyaga mguu ule. Baba yule alinishika mkono, hakusema kitu. Najivunia siku ile kuliko cheti changu.

Kwa hiyo wewe unayeniandikia: nenda ukainue miguu. Usiseme "mimi ni daktari mtarajiwa". Kwa fundi wewe ni mwanagenzi, mwamkie, mbebee vifaa, uliza akishapumzika. Chanjwa dhidi ya pepopunda kabla ya kwenda, na vaa viatu vigumu. Usitosheke na farasi peke yake, tafuta na punda, maana ukwato wake umesimama wima zaidi, na ukiukata kwa pembe ya farasi utamlemaza. Tena punda huficha maumivu. Akionyesha kidogo, jua yamezidi. Rudi kwa mnyama yule yule baada ya wiki 6 hadi 8, uone ukwato uliokata umekuaje, kwa kuwa hukua kama milimita 8 tu kwa mwezi na kosa lake hudumu. Na inua miguu. Nalirudia makusudi, kwa kuwa wengi wenu mtataka kushika kisu siku ya kwanza.

Enyi wakuu wa vyuo, nanyi mhesabu majuma mwanafunzi anayokaa kwa fundi wa kwato kwenye daftari la mafunzo sawasawa na yale ya zahanati, na fundi alipwe kama mwalimu yeyote.