Maswali na Majibu: Mkoba wa Kroshia Usiolegea

Barua nyingi za safari hii zinatoka kwa watu wanaofuma mkoba wao wa kwanza nyumbani. Nimechukua maswali yaliyojirudia zaidi.

Nina uzi wa sweta nyumbani. Unafaa kwa mkoba?

Utafumika, lakini mkoba utalegea. Sweta hutakiwa kunyumbuka. Mkoba hubeba mzigo, na uzi wa kunyumbuka ukibebeshwa kila siku huzidi kurefuka. Tafuta uzi wa pamba wa unene wa kati, uliosokotwa ukakaza. Chagua rangi nyepesi isiyo na manyoya, maana kwenye uzi mweusi anayejifunza haoni pa kuingiza sindano. Mkoba wa ukubwa wa kati hula kama gramu 250 hadi 300. Nunua zote kwa pamoja, kwa sababu uzi wa rangi ileile uliotiwa rangi kwa awamu tofauti huweza kupishana. Huo wa sweta mfumie mtoto kofia.

Sindano ya kroshia iwe saizi gani?

Kwa uzi huo, milimita 4. Lebo ya uzi inaweza kukupendekezea 5, lakini kwa mkoba mimi hushuka makusudi ili mishono ibanane. Inua kitambaa kwenye mwanga: ukiona matundu, sarafu zitapenya. Vidole vikianza kuuma, umebana kupita kiasi.

Kitako changu cha duara kinainuka pembeni, cha dada yangu kinafanya mawimbi. Tunakosea wapi?

Kwenye hesabu, nyote wawili. Hapa ndipo mikoba mingi inapoharibikia, kwa hiyo twende polepole.

Tumia mshono mfupi: ingiza sindano, vuta uzi ubaki na vitanzi viwili, kisha vuta uzi tena upite katika vyote viwili. Raundi ya kwanza iwe na mishono 6. Ya pili, fuma miwili katika kila mshono, upate 12. Ya tatu, mmoja kisha miwili katika mshono unaofuata, mpaka ufike 18. Ya nne, mmoja, mmoja, kisha miwili: 24. Kila raundi inaongezeka mishono 6, si zaidi wala pungufu. Ukiongeza pungufu, ukingo unakosa nafasi na kitako kinainuka. Ukizidisha, kitambaa kinakosa pa kwenda na kinafanya mawimbi. Anayefuma kwa kubana sana naye huona kitako kikiinuka hata kama hesabu yake ni sahihi. Huyo apande saizi moja ya sindano.

Raundi zikifuatana bila kufungwa, mwanzo wake hupotea. Chomeka pini au kipande cha uzi wa rangi nyingine kwenye mshono wa kwanza, na ukihamishe kila raundi. Usiache nyongeza zikae juu ya nyongeza, la sivyo duara litaota pembe sita, zisogeze kidogo.

Upana ukitosha, acha kuongeza. Kuanzia hapo mshono mmoja kwa mmoja, na ukuta wa mkoba utasimama wenyewe. Ukitaka pindo kali, raundi ya kwanza ya ukuta ishike uzi wa nyuma tu wa kila mshono. Kilichokwisha kuharibika kifumueni bila huruma. Kroshia ina kitanzi kimoja tu kilicho wazi, kwa hiyo unavuta mpaka mahali penye kosa na kuendelea kutoka hapo.

Nafuma mkoba wa mstatili, lakini kila nikipanda juu unapungua upana.

Unaruka mshono wa mwisho wa mstari. Hujificha pembeni. Hesabu kabla ya kugeuza kazi.

Mikanda inarefuka mpaka mkoba unagonga magoti. Nifanyeje?

Mkanda wa mistari mingi mifupi hunyumbuka sana. Fuma kwa urefu: anza na cheni, yaani msururu wa vitanzi vilivyounganika, ndefu kama mkanda wenyewe, kisha mistari 4 au 5 juu yake. Pande zote mbili malizia na mshono wa kuteleza, yaani unavuta uzi kupita kwenye mshono na kitanzi kwa mara moja. Huo hushikilia ukingo. Ncha za mkanda zisishonwe kwenye mdomo wa mkoba tu. Zishushe sentimita 3 au 4 ndani ya ukuta, shona mraba, kisha katisha msalaba katikati yake.

Mimi pia napenda sana bitana ya kitambaa cha pamba, kwa sababu ndiyo hubeba uzito badala ya mishono. Ifue kabla ya kuikata ili isije ikasinyaa ndani ya mkoba.

Uzi ukiisha katikati, nifunge fundo?

Hapana, hufunguka. Acha mkia wa sentimita 15, upitishe kwa sindano butu kati ya mishono, uende upande mmoja kisha urudi.

Unafuliwaje?

Kwa mkono, maji ya baridi, bila kusokota. Ukandamize ndani ya taulo, kisha uulaze kwenye sehemu tambarare ukauke. Usiuanike kwenye kamba, maana uzito wa maji huuvuta mkoba ukarefuka.