Wenye fowili, geti la msitu halifungwi pale getini

Jamani wenye fowili (magari yanayovuta matairi yote manne) wa Tanga na nyie mnaotoka Dar wikiendi kuja kutembeza magari Usambara, kila masika ikianza grupu la wasap linajaa malalamiko, mara geti limefungwa, mara mgambo katurudisha, mara TFS, wakala wa misitu wa serikali, wanatuonea, halafu jua likiwaka mwezi wa sita yote yamesahaulika mpaka masika nyingine. Mimi kulalamika nimechoka. Siku hizi naenda vikaoni, na kuna njia ambazo mpaka leo tunapita kwa sababu tu kuna watu walikubali kukaa kwenye benchi la ofisi ya kijiji asubuhi nzima.

La kwanza kabisa ujue barabara ni ya nani. Huku milima ya Amani unaweza asubuhi moja ukaanza na barabara ya TANROADS (zile kuu na za mkoa), ukakata kwenye ya TARURA (zile za wilaya), ukaingia ya shamba la chai, ukatokezea njia ya kijiji, mwisho unakutana na kibao cha hifadhi, na wewe kwenye usukani huoni tofauti yoyote, vumbi lile lile, mawe yale yale. Ila kila kipande kina mwenyewe. Ya shamba la chai unamuomba meneja, akikataa kakataa, eneo lake. Ya kijiji unaenda kwa afisa mtendaji wa kijiji. Ukishafika hifadhini hapo ni TFS na Sheria ya Misitu ya 2002, huingii kwa mazoea eti mwaka juzi tulipita. Kuna jamaa waliandika barua ndefu sana kwa watu wa misitu kuhusu kidaraja cha magogo ambacho ni cha kijiji, barua ikakaa, masika ikaja ikapita, kidaraja kikaenda na maji.

Sasa kikao. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria unatakiwa kila miezi mitatu, na mwenye sauti pale ni mkazi mwenye miaka 18 kwenda juu, wewe wa Raskazone mjini Tanga na Land Cruiser yako ni mgeni. Kwa hiyo usitokee tu. Andika barua kwa mtendaji mapema, ile ya kawaida yenye YAH: kwa herufi kubwa, uombe jambo lenu liwe ajenda. Hapa ndipo wengi wanapotea, wanaambiwa njooni mtasema kwenye mengineyo, ile ajenda ya mwisho kabisa, na mengineyo mnaijua, saa nane mchana watu wana njaa, akina mama washaondoka kuwahi kupika, mwenyekiti anaangalia saa. Ukisemea kwenye mengineyo utapigiwa makofi na hakuna kitakachoandikwa.

Na ukipewa nafasi usianze na mambo ya utalii na ajira kwa vijana, wameshayasikia mpaka basi. Kikao kimoja mzee mmoja alisimama akasema, "Nyie wanangu ndio wale waja leo waondoka leo wa kweli, mnapita mnapiga honi, sisi tunabaki na korongo." Watu wakacheka lakini alikuwa na hoja, maana ukienda kuangalia njia yenyewe unaona, matairi yamechimba mifereji miwili, mvua ya huko karibu milimita 2,000 kwa mwaka, maji badala ya kwenda mtaroni yanateremka na mfereji wa tairi, msimu ujao pale pana shimo la kumzamisha mtu mpaka kiunoni, udongo wote uko mtoni. Na mto wenyewe ndio Zigi huo, unaingia bwawa la Mabayani, yaani tope unalotifua juu ndilo linalokufuata bombani Ngamiani, Tanga mjini.

Tena wale wanakijiji wameingia usimamizi shirikishi wa msitu na serikali, wana kamati ya maliasili, doria wanatembea wao kwa miguu, hata kuni kavu zina siku zake maalum. Amani imekuwa hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, hekta zaidi ya 8,000. Mama anayesubiri siku yake ya kuni akikuona wewe unapita siku yoyote unayotaka kwa sababu una winchi, unategemea akuunge mkono?

Kwa hiyo sisi tuliwahi kusema wenyewe kabla hatujaambiwa: Machi mpaka Mei njia ifungwe, hatupiti. Hilo lilibadilisha kikao kizima, niamini. Halafu tukaweka mezani treki ya jipiesi (GPS) inayoonyesha njia tunayopita, picha za kila sehemu iliyokatika zikiwa na tarehe, na ahadi ya kuja na machepe kuzibua mitaro kabla ya vuli. Na mkiahidi nendeni, msitume hela ya soda.

Wenzetu Marekani serikali iliamua mwaka 2005 kila msitu wa taifa utoe ramani inayoonyesha barabara na njia zipi ziko wazi kwa vyombo vya moto, aina gani ya chombo, na hata msimu gani, isiyo kwenye ramani hupiti. Kule wenye magari nao wakabidi wajifunze kwenda kutoa maoni. Huku kwetu kitu cha kufukuzia ni mpango wa usimamizi wa msitu husika, muulize mhifadhi unapitiwa lini tena, kwa sababu njia isipotajwa mle ndani hata mhifadhi akikupenda vipi hana pa kushika.

Mimi binafsi sitetei kila njia. Vile vinjia vya miguu vya kupanda vileleni viacheni, boda za mashindano hazina kazi kule, na anayetaka kubishana tubishane.

Mkishakubaliana ombeni nakala ya muhtasari wa kikao yenye muhuri na saini, siku hiyo hiyo kama inawezekana. Mtendaji anahamishwa, mhifadhi anahamishwa, na anayekuja hajui mliongea nini, atakuuliza karatasi iko wapi.